Nabii Hagai Alipotutuma Mlimani

Ninyi wenzangu mliokua Arusha wakati wa ruksa, serikali ilipoachia biashara, najua mnaikumbuka harufu ya mji ule. Mimi naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka namba yangu ya simu: marobota ya mitumba yakifunguliwa, rangi ya mafuta ikikauka kwenye milango mipya, na zile sabuni za kigeni za rangi ya waridi ambazo mama zetu walizificha katikati ya mashuka kwa sababu waliziona nzuri mno kuogea. Tulizaliwa kwenye foleni ya sukari, tukashtukia tunaulizwa tunataka biskuti ya aina gani. Mtoto wa leo ukimpa biskuti anasoma kwanza maandishi ya nyuma ya pakiti. Sisi tulilamba pakiti.

Kwetu kulikuwa Kaloleni, vyumba viwili vya kupanga kwenye nyumba ndefu yenye ua katikati na bomba moja la maji. Timu ikifunga goli kwenye uwanja mkubwa, sisi tulijua kabla redio haijatangaza, maana kelele ziliruka ukuta zikatukuta tunakula. Jioni tulicheza rede na kombolela mpaka mama mmoja aite watu wakaoge, na alikuwa mama yeyote tu, kwa kuwa wote walikuwa na ruhusa ya kutuchapa. Kwa wazazi wetu tulizaliwa wawili: mimi, Aikande, na mdogo wangu Goodluck, mtoto wa maswali, mwenye kaptura ambayo haikuwahi kukaa kiunoni bila kushikiliwa kwa mkono mmoja.

Baba yetu alikuwa fundi seremala. Alishuka kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, akaanza kwa kutengeneza vitanda na stuli. Ruksa ilipokuja, kazi ilimfuata mpaka mlangoni. Watu walioanza kupata walitaka nyumba zivae mbao: mbao ukutani, mbao darini, mbao hata kuzunguka kioo cha bafuni. Baba alirudi jioni nyusi zikiwa nyeupe kwa vumbi, mfukoni amebeba maranda, yale maganda ya mbao yanayojikunja yakitoka kwenye randa. Mimi niliyatundika masikioni yakawa hereni. Goodluck aliyatafuna kidogo aone ladha yake.

Na sisi tulikuwa na nyumba yetu njiani. Baba alikuwa amepata kiwanja upande wa juu wa mto Themi, kule ambako wakati huo mji uliisha na migomba ikaanza, akapandisha tofali mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Hapo ikasimama. Kila Jumapili tukitoka ibadani tulipita kuiangalia. Mama aliingia chumba kimoja kimoja, akasimama katikati bila paa juu ya kichwa chake, na kutuonyesha kwa kidole: hapa kabati, hapa kitanda chenu, hapa jiko, na hapa dirishani nitakuwa nauona mlima nikiosha vyombo.

Jengo letu la ibada lilikuwa jirani na kiwanja hicho. Halikuwa kanisa kubwa, ulikuwa mtaa tu, tawi dogo la usharika, wenye kuta za tofali na mabenchi yasiyo na mgongo. Upepo ulikuwa umeng'oa nusu ya paa miaka kadhaa nyuma, na pale penye pengo pakafungwa turubai la kijani lililotoka kwenye lori. Masika yakifika, turubai lilijaa maji likashuka kama tumbo la ng'ombe, na wazee wakalisukuma kwa ufito katikati ya mahubiri, maji yakamwagika nje kwa kishindo. Sisi watoto tuliyasubiri maji hayo kuliko tulivyosubiri amina.

Chini ya turubai, benchi la mbele, alikaa Bibi Ndeskoi. Alikuwa mama mzee wa Kimeru, mjane, mrefu, mwenye shamba juu zaidi kwenye mteremko wa mlima. Mvua ikinyesha alifungua mwavuli wake mweusi humo humo kanisani na kuendelea kuimba. Tulimwambia ahamie upande wenye bati, akajibu kwamba ile ni nafasi yake tangu siku ya kipaimara chake, na hakuna wingu la kumhamisha. Mwanawe mkubwa alikuwa Bwana Sifaeli, mfanyabiashara wa mawe ya vito, mwenye gari jeupe na kicheko kinachosikika kabla gari halijazimwa. Hakuwa mtu mbaya, na nisingependa mtu amwone vibaya kwa haya nitakayosema. Alipokuja ibadani alitujazia peremende viganjani, na alijua majina yetu.

Mwaka mmoja, Krismasi ilipopita tu, Bwana Sifaeli alimpa Baba kazi ambayo hakuwahi kuipata. Alikuwa akimalizia nyumba kubwa, na binti yake alikuwa anaagwa kwenda kuolewa mara baada ya Pasaka. Sherehe za kumuaga binti ndio kwanza zilikuwa zinaingia kwa kasi, na yeye alitaka ya kwake isemwe. Alitaka sebule yote ivishwe mbao kuanzia chini mpaka darini. Baba alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama amevaa viatu vipya.

"Mama Aikande," alisema hata kabla hajakaa, "kazi hii ikiisha, tunapaua."

Mama alikuwa anakoroga loshoro, yale mahindi laini yanayochanganywa na maziwa ya mgando, chakula alichojifunza kwa majirani zake wa Kimeru. Aliuacha mwiko ndani ya chungu, akafunika uso kwa kanga na kucheka humo ndani peke yake.

Basi, Jumapili moja ya Januari, jua kali, Mwinjilisti Elisaria akapanda mimbari. Alikuwa mtu mfupi, anayekuja kwa baiskeli, suruali ameibana kwa kibanio cha nguo ili isiingie kwenye cheni. Hakupiga kelele kamwe. Siku hiyo alisema atatuhubiria kutoka kwa nabii mmoja Mwebrania ambaye maneno yake ni machache, ukigeuza kurasa kwa haraka unampita. Akatusimulia. Watu wa Mungu walikuwa wamerudi kutoka utumwani, wakakuta nyumba ya Bwana ni magofu. Wakasema muda wa kuijenga haujafika, wacha tujiweke sawa kwanza. Wakajijengea za kwao, tena wakazivisha mbao. Ndipo Hagai akaja akawauliza: hivi mnaona sawa, nyinyi mkae kwenye nyumba zilizovikwa mbao na nyumba ya Mungu ikae hivi? Tafakarini njia zenu. Mnapanda sana mnavuna kidogo, mnakula hamshibi, na mshahara mnautia kwenye mfuko uliotoboka.

Goodluck aliingiza mkono kwenye mfuko wa kaptura yake, kidole kikatokea upande wa pili. Akaninong'oneza, "Amenijuaje?"

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namwangalia Baba. Aliposikia habari za nyumba zilizovikwa mbao, alishusha macho akaitazama mikono yake juu ya magoti, akaigeuza viganja juu, kisha akaigeuza tena. Bwana Sifaeli hakuwepo siku hiyo, alikuwa machimboni.

Mwinjilisti akamalizia kwa kusema kwamba nabii hakuwaacha watu na lawama. Aliwapa kazi. Aliwaambia wapande mlimani, walete miti, waijenge nyumba. "Na wao," alisema, "wakatii. Hawakusubiri mwaka wenye nafuu." Halafu akatazama turubai, akafunga, tukaimba, tukatoka nje kwenye mnada wa ndizi na mayai ya sadaka kama kawaida. Watu wakaanza kushindania mkungu wa ndizi, na habari za Hagai zikaanza kupoa.

Kwa wakubwa. Kwa sisi watoto hazikupoa. Ninyi mnajua tulivyokuwa: mkubwa akisema jambo, ni jambo. Na sisi tulikuwa na mlima! Huko kwa Wayahudi sijui, lakini ukitoka nje ya kanisa letu na kuinua macho, Meru ulikuwa pale pale umejaa mbele yako, wa buluu asubuhi na wa kahawia jioni. Nabii amesema pandeni mlimani mlete miti. Kulikuwa na utata gani?

Jumamosi iliyofuata, watoto wa shule ya Jumapili tulikusanyika, wakubwa kwa wadogo. Hakuna mwalimu aliyetutuma. Tulipanda kwa njia ya mashambani, tukivuka vijito vya maji baridi yanayouma miguu, tukipita kwenye kahawa na migomba, na kila aliyetukuta tukimwamkia shikamoo na kumweleza kwa sauti moja kwamba tunakwenda kuleta miti ya Bwana. Hatukufika mbali. Msitu wa juu ni wa serikali na tuliujua kwa habari za nyati. Tuliishia ukingoni mwa shamba la Bibi Ndeskoi, tukaokota matawi makavu, fito, magome, na vipande ambavyo hata kuku asingejengewa banda. Tukashuka navyo vichwani tukiimba. Goodluck alibeba tawi lenye majani mengi ambalo lilimfunika mwili mzima, ukaonekana mti mdogo unaotembea huku ukishikilia kaptura.

Tulivipanga mlangoni mwa kanisa kwa heshima kubwa, kisha tukaenda nyumbani, ambako tulichapwa kwa kupotea mchana kutwa. Mama alinichapa huku akiuliza, "Nani kawatuma?" Nikamjibu huku nalia, "Hagai!" Mkono wake ukakaa hewani kidogo, kisha ukashuka bila nguvu.

Asubuhi ya Jumapili waumini wakakuta rundo la kuni limeziba mlango. Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwinjilisti Elisaria hakucheka. Alisimama na baiskeli yake, akauliza ni za nani, na alipoambiwa, akaondoa kibanio kwenye suruali polepole, kama mtu anayetafuta cha kufanya na mikono. Ndipo Bibi Ndeskoi akafika na mwavuli wake. Akaelezwa. Akaokota fito moja, akaipima kwa jicho, akawageukia watu wazima.

"Watoto wamesikia," alisema. "Nyinyi masikio yenu mliyaacha wapi?" Akaendelea, "Nina mierezi kule juu. Aliipanda marehemu mume wangu. Mimi sina haja ya kuihesabu tena. Fundi nani atakuja kuikata?"

Nilihisi mkono wa Mama ukikaza bega langu. Baba alikuwa nyuma yetu. Alikohoa kidogo, akasema, "Nitakuja mimi, Bibi. Kesho."

Sisi watoto tulipiga makofi. Tulidhani hadithi imeisha vizuri.

Kumbe ndio kwanza ilikuwa inaanza, kwa sababu kesho ile Baba alitakiwa kuwa sebuleni kwa Bwana Sifaeli. Kukata miti, kuipasua mbao, kutengeneza kenchi, zile mbao za kubeba bati, na kupaua kabla masika hayajaanza ilikuwa kazi ya majuma, na fundi mwingine wa kupaua hatukuwa naye kwenye mtaa wetu. Baba alikwenda kwa Bwana Sifaeli mapema akiwa amenishika mkono, maana alikuwa ananipeleka shule. Nilisimama kwenye ile sebule, iliyonukia gundi na mbao mpya, ukuta mmoja umeshavaa na mwingine bado uko uchi, nikasikiliza wakubwa wakizungumza.

"Nakuomba nisimame kidogo, mzee," Baba alisema. "Mvua zikianza tu nitakuwa nimerudi hapa. Nitafanya kazi hata usiku, nitamaliza kabla ya sherehe."

"Kidogo ni lini, fundi? Kadi nimeshatoa."

"Kanisa halina paa."

"Halina paa tangu lini? Leo?" Bwana Sifaeli hakupandisha sauti. Alionekana ameumia kuliko alivyokasirika. "Nimeambiwa mahubiri yalivyokuwa. Nyumba za mbao, eti. Unadhani sikuelewa nimesemwa mimi? Sasa na fundi wangu anatoka katikati ya kazi, na mama yangu anatoa miti. Mnataka watu waseme nini?"

"Hujasemwa wewe, mzee. Aliyesemwa ni mimi. Mikono inayovisha mbao nyumba za watu ni hii."

Kisha Bwana Sifaeli akasema, taratibu, kwamba yeye anampenda Baba, lakini ana binti wa kuaga. Baba akiondoka leo, kesho ataingia fundi mwingine, na kazi haitamrudia. Baba alisema, "Nimekuelewa, mzee." Akakusanya randa, msumeno na patasi zake, akaziweka kwenye mfuko wa gunia, akanipeleka shule. Mlangoni mwa shule alinifunga vizuri kifungo cha sweta, akaniambia nisome.

Jioni ile Mama hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alimwekea Baba chakula, akakaa mbele yake, akamwambia kwa sauti ndogo, "Baba Aikande, na mimi namwamini Mungu. Lakini huyo nabii, hakusema chochote kuhusu nyumba zilizoishia lenta?"

Baba alitafuna muda mrefu. "Hakusema," alijibu. "Nimetafuta."

Mama alipangusa machozi, halafu akacheka kwa huzuni. Asubuhi alimfungia Baba ndizi za kuchemsha na chai kwenye chupa, akampandisha mlimani.

Majuma yale mpaka leo siwezi kuyasimulia bila kusikia msumeno. Kibali cha kukata kilitoka kijijini, na wanaume wa mtaa wakaanza kupanda, kwanza wachache kwa aibu, halafu wengi. Walichimba shimo, wakaweka gogo juu yake, mmoja akasimama juu na mwingine ndani ya shimo, wakauvuta ule msumeno mrefu juu na chini, unga mwekundu wa mwerezi ukiwamwagikia wa chini kichwani mpaka akafanana na mtu aliyepakwa pilipili. Akina mama walileta makande na maziwa. Sisi tukitoka shule tulishusha mbao, safari hii mbao kweli, watoto wawili kwa ubao mmoja. Bibi Ndeskoi alikaa kwenye stuli yake akisimamia, na mwerezi ukianguka aliutaja mwaka mumewe alipoupanda na kosa ambalo mumewe alikuwa amemfanyia siku hiyo. Kila nyumba ilileta bati. Mzee mmoja wa Kisingasinga, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alipowauzia wazee misumari aliwauliza wanapaua nini. Walipomwambia, alichota misumari mingine kwa mikono miwili akaijaza kwenye mfuko. "Nyumba ya Mungu hiyo," alisema, na kuwafukuza waende wakafanye kazi.

Baba alikuwa juu ya kuta toka asubuhi mpaka jua linazama, misumari mdomoni, akiimba puani. Sikuwahi kumwona hivyo alipokuwa akifanya kazi za watu. Alikonda, akawa mweusi, akawa na furaha ambayo sisi hatukuielewa, maana nyumbani nyama iliondoka, ikaja maharage, na yale maharage nayo yakaanza kuwa na mchuzi mwingi.

Bati la mwisho lilipigwa misumari wiki ya mateso. Siku ya Pasaka tulivaa nguo zetu za mwaka jana, mimi gauni langu likiwa limefunguliwa pindo. Katikati ya mahubiri anga likaingia giza, na mvua ikaja. Ilikuja ile mvua ya Arusha, isiyotuma tone la kwanza kuuliza kama wenyeji wapo. Bati jipya likanguruma mpaka hatukumsikia Mwinjilisti, tukamwona tu mdomo unacheza. Akaacha kuhubiri. Akainua uso juu, na watu wote wakainua nyuso zao juu, wakangoja. Hakuna lililodondoka. Bibi Ndeskoi, kwenye nafasi yake, alikuwa ameshafungua mwavuli kwa mazoea. Alitoa kiganja nje ya mwavuli akakishikilia hewani, akakiona kikavu, akaufunga mwavuli na kuulaza chini ya benchi. Kisha akaanzisha wimbo, tukaimba tukishindana na mvua, na mvua ikashinda. Mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilimtazama Baba. Alikuwa anakagua kenchi kwa macho, moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayeita majina darasani.

Sasa niwaambie jambo la kitoto. Mwinjilisti alikuwa ametufundisha kwamba watu wale wa zamani walipoweka msingi, Mungu alisema kuanzia leo nitawabariki. Kwa hiyo mimi na Goodluck tulianza kusubiri. Tuliamini baraka zitakuja na gari. Goodluck alitaka televisheni ya rangi, mimi nilitaka nyumba yetu ipauliwe nilale chumba chenye dirisha. Sherehe ya binti wa Bwana Sifaeli ilifana, fundi mwingine alimaliza sebule, na watu waliisifu mpaka sokoni. Baba hakuitwa. Masika yaliponyesha, ndani ya kuta zetu zisizo na paa ziliota nyanya za porini, pale pale Mama alipotuonyesha jiko. Tukabaki Kaloleni, mwaka ule na mingine baada yake.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Baba alikuwa anarekebisha mguu wa kiti cha jirani, nikamwuliza, "Baba, Mungu amesahau?"

"Amesahau nini?"

"Kutubariki. Alisema kuanzia siku ile."

Aliweka nyundo chini. "Aikande, mimi nikikutuma dukani, ukaenda, ukirudi nakupa peremende?"

"Hapana. Mara nyingine."

"Na ukiambiwa tena uende, unakwenda?"

"Nakwenda."

"Kwa nini?"

Nilifikiri. "Kwa sababu wewe ni Baba."

"Haya," alisema, akaokota nyundo. Sikuridhika na jibu lile. Nilinuna mpaka saa ya kula.

Nyumba yetu ilikuja kupauliwa, ila taratibu sana. Shule moja ya jirani iliona mabenchi mapya ambayo Baba aliyatengeneza kwa mabaki ya mierezi, ikampa kazi ya madawati, kisha ikaja nyingine. Nilipohamia chumba changu chenye dirisha, nilikuwa nimeshapata kipaimara na niko karibu kuondoka kwenda sekondari ya bweni. Nililala humo likizo tu.

Bwana Sifaeli hakuja ibadani kwa muda mrefu. Alisali kanisa kubwa la mjini. Akikutana na Baba barabarani walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto, wakapitana. Halafu Bibi Ndeskoi akafariki, mzee wa siku nyingi, usingizini. Ilikuwa masika. Mwanawe alitaka ibada ifanyike mjini penye nafasi, lakini marehemu alikuwa ameagiza azikwe akitokea kwenye nafasi yake. Jeneza likawekwa mbele ya benchi lake, na mvua ikanyesha kutwa, na waombolezaji walijaa mpaka mlangoni, wote wakavu. Ibada ilipoisha, Bwana Sifaeli aliwapita watu waliompa mikono, akaja moja kwa moja mpaka aliposimama Baba. Kicheko chake kilikuwa kimekwisha kabisa. Aliangalia juu.

"Fundi, hii yote ni miti ya baba yangu?"

"Yote, mzee. Ule wa katikati Bibi alisema mumewe aliupanda siku ulipozaliwa wewe."

Bwana Sifaeli aliutazama muda mrefu. Akashika mkono wa Baba kwa mikono yake miwili, wakasimama hivyo mpaka watu wa kubeba jeneza walipoomba njia.

Siku hizi, wapendwa wangu, ukisema nabii, vijana wanakuuliza yupi, maana wamejaa kwenye mabango kuanzia kituo cha mabasi. Wamevaa suti zinazong'aa, wanaahidi gari, visa na mume kabla mwezi haujaisha. Binti yangu, mwenye Neno lote kwenye simu pamoja na michezo na picha za marafiki zake, niliwahi kumwambia amtafute Hagai. Alimpata haraka kuliko ambavyo mimi ningemaliza kupangusa miwani. Akasoma, akamaliza, akaniuliza, "Mama, huyu mbona anadai tu, hatoi unabii wowote?" Nilicheka mpaka nikakaa. Mtaa wetu wa zamani sasa ni usharika, una jengo la ghorofa, feni na spika, na paa la Baba lilishushwa miaka mingi iliyopita kupisha hilo. Mvua ikinyesha waumini hawajui mpaka watoke nje. Ni kuzuri, siwezi kusema uongo. Lakini watoto hawatumwi popote. Wanakaa chumba chao, wanapaka rangi picha za safina, wanachukuliwa na magari.

Pasaka iliyopita nilikwenda kumwona Baba. Mama alishatangulia mbele ya haki, na yeye amezeeka, anaota jua kibarazani, mlima uko mbele yake. Nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu utotoni: je, hakuwahi kujuta?

"Nilijuta sana," alisema mara moja. "Unafikiri nini? Kila mvua iliponyesha na nyinyi mmebanana kwenye vile vyumba vya Kaloleni, nilijuta. Mama yenu alipougua kifua, nilijuta."

Nilishtuka. Miaka yote hiyo nilidhani imani yake haikuwa na ufa. "Sasa ulifanyaje, Baba?"

Alinitazama kwa mshangao, kama nimeuliza swali la mtu asiyejua kazi.

"Ningefanyaje? Nilikuwa nimeshapaua."

Tukaendelea kuutazama Meru, wingu limeufunika nusu. Mimi na wenzangu wa rika langu ni watu wazima sasa, tuna nyumba zenye dari nzuri, na jambo la Mungu likitujia tunaliundia kwanza kundi la simu, tunalijadili, tunasubiri moyo upate amani ndipo tuanze. Baba yangu alikwenda na moyo wake hauna amani, akiwa amebeba msumeno, na mimi bado sijui kama ningeweza.